Deo Tunayemngoja Chuma Kikipoa

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, tukanywa fanta, halafu kijana mmoja wenu akauliza swali lililonichekesha njia nzima hadi nyumbani. Aliuliza: "Mzee Yahaya, hii Deo tunayoingojaga, ni mashine ya namna gani?"

Katika atelie yetu, hapo karakanani, chuma kikizidi kupata moto, fundi anayesimamia husema, "Acha. Tungoje Deo." Kila mtu anaweka chini bageti yake, kile kijiti cha kuchomelea, anainua masiki ya uso, ananyoosha mgongo. Neno hilo mmelipata kwangu, nami sikuwahi kuwaeleza. Nimeambiwa mmoja wenu alikuwa anaamini ni kiwanda cha Wabelgiji.

Deo ni mtu. Nimeamua kuwaandikia habari zake, na za mzee Hamadi aliyenifundisha kazi, na za mlango mmoja wa mtaa wa Nyakabiga. Shule yangu ni ya msingi tu, na mkono wangu umezoea bageti kuliko kalamu, kwa hiyo naandika polepole na ninyi someni polepole. Nani alipandishwa cheo na nani alipata mshahara gani, hayo hapa hamtayakuta. Hata wakati ule hayakuwa na mengi ya kusimulia.

Niliingia atelie ya mzee Hamadi, mtaani Buyenzi, nikiwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nilisimama karibu na lango nikingoja mtu aniulize nataka nini. Mzee Hamadi, mtu mfupi mwenye kofia iliyotobolewa na cheche kila upande, aliniona akasema, "We, kitanda chako bado kinakauka rangi. Kaa." Nikakaa. Nilikaa juu ya pipa hadi alasiri, ndipo nikapata sauti ya kusema kwamba sikuja kuchukua kitanda, nimekuja kutafuta kazi.

"Kumbe inasema!" mzee akaita. "Deo, kuya ona! Ile bubu inasema!"

Tangu siku hiyo jina langu likawa Bubu. Aliyeitwa ni Deo, fundi wake wa kwanza, Mkristo wa Nyakabiga, mrefu kama nguzo, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alikuja akanizunguka, akasema, "Mzee, umuchukue. Mi nitasema yake na yangu."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa vipande viwili vya chuma bapa: nikisimamishe kimoja juu ya kingine, nivichomelee vishikane. Nilianza mwanzo nikaenda hadi mwisho bila kuinua mkono. Mshono ulitoka mzuri, umelala kama nywele zilizosukwa na dada mwenye subira. Nikarudi nyuma nione watanisifu vipi. Chuma kilipokuwa kinapoa, ncha zake mbili zikaanza kunyanyuka.

Mzee Hamadi alikiokota kwa koleo, akakigeuzageuza kama mtu aliye sokoni. "Deo, Bubu ametuletea ndizi."

"Imeiva?"

"Apana. Ngoja ipoe, itazidi kupinda."

Nilitamani kujificha ndani ya pipa. Lakini mzee hakunifukuza. Alinichuchumaza pale chini, akanieleza jambo ambalo nimelirudia maisha yangu yote, na ambalo ninyi mnalijua kwa maneno yangu: chuma ukikichoma mahali pamoja, pale penye moto panataka kutanuka, lakini pembeni bado pana baridi, pembeni panapabana. Pakikosa njia panajisonga penyewe. Sasa pakipoa, panakuwa pafupi kuliko mwanzo, na kila kilichoshikana napo kinavutwa. Huwezi kukizuia chuma kisivute. Unachoweza ni kukichagulia kivute upande gani, na mivuto ishindane yenyewe kwa yenyewe hadi ichoke.

"Chuma ni kama mutu aliyekasirika," alisema. "Umujibu mara moja, anageuka. Umuache kidogo, mutasikilizana."

Kwa hiyo nilijifunza kushikiza kwanza kwa vidonge vidogo vya moto kila upande kabla ya kuchomelea kweli. Nilijifunza kuanza katikati na kwenda nje, si kuanza pembeni. Mshono usizidi urefu wa kidole. Ukimaliza kidole kimoja, unaruka, unakwenda kona ya mbali, unarudi. Na kila kidole unakichomelea kwa kurudi nyuma, kuelekea kile ulichotangulia kumaliza. Nilijifunza kuinamisha kipande kidogo upande wa kinyume kabla ya kukichomelea, ili kikivutwa kije kisimame sawa. Jicho la mzee lilijua ainamishe kiasi gani. Langu lilichukua miaka, na vyuma vingi vya ndizi.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa kungoja. Bati jembamba huwezi kulichomelea kwa mfululizo hata ukiruka vizuri namna gani, maana moto unajikusanya ndani yake, na bati likijaa moto linavimba katikati, halirudi tena. Wengine hupima kwa mgongo wa mkono. Mzee Hamadi alisema mikono ya mafundi imekufa ganzi, inadanganya. Mtu anagusa chuma cha kuungua anasema kimepoa. Yeye alipima kwa kahawa.

Kulikuwa na mwuza kahawa aitwaye Sefu, aliyepita na dele lake la shaba na vikombe vyake akivigonganisha mkononi. Mzunguko mmoja wa mishono ukiisha, mzee aliinua masiki na kumwita. Kila fundi alipewa kikombe cha kahawa chungu yenye tangawizi, ya moto sana, ambayo huwezi kuigugumia. Ulikuwa huruhusiwi kushika bageti kabla kikombe chako hakijawa tupu, na ukinywa haraka ulimi ndio ulilipa. Kikombe kikiisha, chuma kimepoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu, na kwa saa hiyo tulitengeneza matangi ya maji, vitanda, mageti, hata mtumbwi wa chuma wa wavuvi wa Kajaga ambao hakuna aliyeamini utaelea ukiwa umenyooka. Ulielea, umenyooka.

Kisha vita vikaja. Sitaviandika. Aliyekuwako anavijua, asiyekuwako hatavipata kwenye karatasi ya mchomeleaji. Nitaandika tu kilichoingia ateliani. Watu waliacha kuagiza vitanda, wakaanza kuagiza milango. Wote walitaka chuma, na wote walitaka kesho. Mipaka ilipofungwa, bageti zikawa adimu; tulizitafuta duka kwa duka Asiatique, mtaa wa wafanyabiashara, na zile tulizopata zilikuwa zimelala kwenye unyevu, ikabidi tuzikaushe juu ya jiko la makaa kama samaki. Mabati mapya hayakuwapo. Tulikata malori yaliyoungua.

Ubaya wa mlango uliopinda ni kwamba mtu haoni kasoro yake mchana. Unasimama vizuri, umepakwa rangi. Jioni ndipo mwenye nyumba anatambua kwamba lazima ausukume kwa bega, au amwite jirani asukume naye, komeo lipate kuingia. Siku zile jioni ilikuwa na haraka. Mji mzima ulikuwa na milango ya namna hiyo, na mzee Hamadi alikuwa akitembea mitaani akiisikia ikipigwa mabega, anatikisa kichwa. "Hiyo si yetu," alikuwa anasema. "Na hiyo si yetu."

Siku chache kabla ya Ramadhani alikuja Mama Generoza. Alikuwa mkunga, ana nyumba ndogo ya kuzalishia Nyakabiga, si mbali na kwao Deo. Mlango wake wa mbao ulikuwa umevunjwa. Tangu hapo, alituambia, kila jioni kabla ya kuvrefe, ile saa ambayo kila mtu alipaswa kuwa ndani kwake, alisukuma kabati la dawa likaziba uwazi, na waliomsaidia kusukuma ni wanawake waliojifungua jana yake.

"Mi sitaki mulango muzuri," alisema. "Nataka mulango wa milango miwili, wa kupitisha machela. Na mi peke yangu nafunga, na mukono moja. Huu mwingine iko na mutoto ya watu."

"Mukono moja, Mama," mzee akasema. "Na hata ile ya kushoto."

"Kabla wanawake wengine hawajapasuka mishono yao ya kuzaa kwa kusukuma kabati, nakuomba."

Mzee Hamadi hakucheka. Alikwenda mwenyewe kupima uwazi, na kazi ya kuchomelea akatugawia: ubawa wa kwanza, yaani nusu moja ya mlango, mimi na Deo pamoja naye, kwa zamu.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Mimi na mzee tulikuwa tumefunga, na vijana wengine wawili. Sefu alilala mchana, akatoka na dele lake baada ya magharibi. Deo, ambaye alikuwa huru kunywa hata ndoo nzima, alisema ni aibu kunywa mbele ya watu wenye kiu, naye akaacha. Hata maji alikuwa anayanywea nyuma ya ukuta. Tulimpenda kwa hilo, na hakuna aliyefikiri zaidi.

Tulifanya kila kitu tulivyofundishwa. Fremu ya vyuma vya pembe, bati la lori juu yake, vidonge vya kushikizia, kuanza katikati, kidole kimoja kimoja, kuruka kona kwa kona. Tukimaliza mzunguko, mzee aligusa kwa mgongo wa mkono, akasema, "Imepoa, tuendelee," maana adhana ya magharibi na kuvrefe mwezi ule vilikuwa vinakaribiana, na wote tulitaka kufika nyumbani kabla ya vyote viwili. Ubawa ulikwisha upesi kuliko ubawa wowote tuliowahi kutengeneza.

Asubuhi yake Mama Generoza alipita kuutazama. Tuliulaza juu ya meza. Katikati ulikuwa umevimba. Ukiukandamiza kwa mkono unabonyea, ukiachia unaruka juu kwa mlio kama sufuria. Na kona moja ilikuwa imeondoka mezani.

Mama Generoza alifunga mkoba wake, akasogea, akaweka viganja viwili juu ya uvimbe, akapapasa taratibu huku na huku kama alivyozoea kupapasa matumbo.

"Hii iko ya miezi saba," alisema. "Mzee Hamadi, baba ni nani?"

Deo peke yake ndiye aliyecheka, naye akaacha katikati. Mama Generoza alisema leo jioni atasukuma kabati tena, si kitu, lakini kuna wanawake wawili wanaotarajia juma lile na mmoja wao amebeba mapacha. Akaondoka.

Sijapata kumwona mzee vile. Kwanza alilaumu bati: limeungua, lina hasira ndani yake tangu kwenye lori. Kisha bageti za unyevu. Kisha umeme, ambao siku hizo ulikuwa unapanda na kushuka. Deo alisema labda fremu ni nyembamba. Vijana walisema labda ni swaumu, nguvu zimepungua. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na mzee akaamua kwamba ubawa wa pili tutautengeneza kwa bati lingine, zito zaidi, ambalo hatukuwa nalo na hatukujua litatoka wapi.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya lile pipa langu. Nilikuwa najua. Sikulijua kwa akili, nililijua kwa ulimi: tangu asubuhi ya kwanza ya Ramadhani nilikuwa natamani kitu kila tulipomaliza mzunguko, na sasa nikatambua kile kitu kilikuwa kinafanya kazi gani. Lakini kumwambia mzee Hamadi mbele ya watu! Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikakumbuka wale wanawake na kabati.

"Ni kahawa," nilisema.

Wote wakanigeukia.

"Bubu ana kiu," Deo akasema. "Vumilia, ndugu yangu, jua litazama."

"Si kiu. Ni kahawa. Hatunywi kahawa." Maneno yakanitoka yote kwa pamoja, nadhani siku hiyo nilisema mengi kuliko mwaka mzima uliotangulia. "Tulikuwa tunangoja kikombe kiishe. Sasa hakuna kikombe. Tunagusa tu na mukono, na mukono... Mzee, ulisema mwenyewe mukono unadanganya."

Mzee Hamadi aliutazama mkono wake, upande wa juu na upande wa chini, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini chini kilichotikisa kofia yake.

"Subhanallah," akasema. "Saa yetu imefunga Ramazani." Akageuka. "Deo!"

"Mzee?"

"We utakunywa."

"Mi? Mbele yenu? Apana, Mzee. Mama yangu alinilea."

"Mama yako alikulea na mi nakuamuru. Utakaa pale kwa kiti, utakunywa kahawa ya moto, polepole, mpaka chini. Ukimaliza unasema, tunaendelea. Hiyo njo kazi yako."

"Na nyinyi munaniangalia?"

"Sisi tunaangalia chuma."

Sefu alipoitwa kutoka kitandani kwake mchana wa Ramadhani aje na kahawa, alifika na dele limefunikwa kanga, anatazama nyuma kama mwizi. "Mzee Hamadi, we ni mutu wa msikitini! Watu watasema nini?"

"Ni ya Deo."

"Deo kwao haiko na moto wa kupika kahawa?"

"Iko kazini. Mimina, na nenda ulale."

Basi tulifanya hivyo. Kwanza tuliunyoosha ubawa wa kwanza. Hili wengi wenu bado mnaliogopa, kwa hiyo nisikilizeni: uvimbe haupigwi nyundo, ukiupiga unazidi kutanuka. Uvimbe unatibiwa kwa moto uleule ulioleta ugonjwa. Mzee alichora alama za chaki kuzunguka ule mlima, akachukua bomba la moto wa gesi, akapasha doa dogo la ukubwa wa kizibo cha chupa hadi likawa jekundu. Mimi nilikuwa na gunia lililoloweshwa, nikalizima doa palepale. Doa likajikunja, likavuta bati. Kisha doa jingine, upande wa pili. Kila safu ya madoa ikiisha, tunasimama, na Deo anakunywa. Uvimbe ukashuka mbele ya macho yetu, polepole, hadi uzi tulioukaza kona kwa kona ukagusa bati kila mahali.

Ubawa wa pili tuliutengeneza kwa bati lilelile la lori. Kidole kimoja, ruka, kidole kingine, acha. Deo kitini, miguu mirefu imekunjwa, anapuliza kikombe. Alitamani kumaliza haraka kwa aibu, mzee akamkemea: "Polepole! Unakunywa kama mbwa!" Siku ya pili aibu ilimwisha, akaanza kutusimulia anavyosikia tangawizi inashuka kooni. Vijana walimrushia vipande vya makaa. Mara moja alisinzia na kikombe mkononi, tukangoja, mzee akasema asiamshwe, chuma hakijawahi kuharibika kwa kungoja zaidi. Ubawa ule ulitoka umenyooka kama maji ya ziwa asubuhi ambayo hayajapata upepo. Nimetengeneza mbawa nyingi baadaye. Chache zimeufikia.

Tulikwenda kuupachika mlango Nyakabiga siku iliyofuata. Bawaba, fremu, zege, kila kitu kilichukua muda, na jua likawa linashuka. Deo aliingia ndani kujaribu komeo. Mama Generoza alikuja upande huohuo wa ndani na mtoto mchanga mkono wa kulia, akasimama, akautazama mlango juu hadi chini. Akaweka mkono wa kushoto kwenye ubawa mmoja. Ukaja bila neno. Akaweka kwenye wa pili. Ukaja ukakutana na mwenzake, ukingo kwa ukingo, huoni mwanga katikati. Tukasikia komeo likiingia. Kilikuwa kimlio kidogo tu, kama mtu anayeweka kikombe juu ya sahani.

Tulibaki nje, mzee, mimi na vijana, tunatazama chuma kilichofungwa. Ndipo tulipomsikia Deo kutoka ndani.

"Mama, fungua, mi natoka."

"Nimeshafunga."

"Mama, ni mi Deo! Fundi!"

"Najua. Kwangu nikishafunga jioni, nafunguaga kwa mwenye mimba tu. We una mimba?"

"Apana!"

"Basi kaa kwa benchi pale. Kuna chai."

Mzee Hamadi alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha adhana ikaanza na tukakimbia.

Ninamaliza kwa asubuhi iliyofuata. Deo alikuja ateliani macho mekundu, shati limejaa harufu ya dawa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuanza kusema. Mzee ndiye aliyemwuliza: "Mulango?"

"Walikuya, Mzee." Akakaa kwenye kile kiti chake. "Sijui ni nani. Nilisikia bega la mutu kwa mulango. Mara moja. Tena mara moja. Mi nilisimama, niliweka mukono kwa bati, nikasema, kama inafunguka basi inifungukie mi. Haikucheza. Hata komeo haikulia. Wakaenda." Alijifuta uso. "Mama Generoza alikuwa anazalisha ile ya mapacha. Hakugeuka hata."

"Na kabati?"

"Kabati iko pale kwa ukuta. Na dawa ndani yake."

Sefu alikuwa amefika na dele lake chini ya kanga, kwa mazoea ya siku zile. Mzee Hamadi, ambaye hakuwahi kummiminia mtu yeyote kitu chochote mbele ya macho yangu, alilichukua dele mkononi mwa Sefu, akajaza kikombe mwenyewe, akampelekea Deo pale kitini.

"Kunywa. Polepole."

Deo akatazama meza. Ilikuwa tupu. "Mzee, leo hakuna chuma inapoa."

"Najua," akasema mzee Hamadi, akasimama pale kungoja kikombe kiishe.